Hasira Isimuue Shahidi

Makambako, Februari 2019

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia, nami nimeirudia zaidi ya ilivyo desturi yangu, kwani kila nifikapo pale ulipoandika kwamba vijana wa mtaa wenu wameazimia kumwendea usiku yule mganga wanayemshuku, pasipo kungoja polisi wala hakimu, moyo hunienda mbio.

Sikulaumu kwa kughadhibika. Tangu Desemba iliyopita mkoa wa Njombe umeshukiwa na msiba usiosemeka, watoto wadogo kuchukuliwa kisha kuokotwa maiti, baadhi yao wamekatwa viungo. Januari Naibu Waziri wa Afya, Dakta Faustine Ndugulile, alitaja watoto kumi, na miongoni mwa waliozikwa ni ndugu watatu wa nyumba moja kule Ikando. Asiyelia kwa hayo simwiti mwenye akili. Kwa hiyo uendapo kwa jirani yako aliyefiwa, usimwambie mama yule kwamba ni kadari, wala usimfasirie asili ya ushirikina. Mpasulie kuni, mchotee maji, ukae naye kimya mpaka yeye mwenyewe atake maneno. Wasomi wengine, na wewe naona umeanza kuelekea huko, hukimbilia kufasiri ili wasipate kuhuzunika.

Lakini kulia ni jambo moja na kuhukumu ni jingine, na wenzako wanataka kuyachanganya. Mauaji haya yanahusishwa na uganga wa kutafutia utajiri. Basi ikiwa ndivyo, yuko mwenye kuagua, yuko mwenye kutumwa, na yuko mwenye kutoa fedha, ambaye huenda usiku huu amelala raha mustarehe mbali na mtaa wenu. Mkimpiga mganga yule hata akafa, na tujaalie kwamba kweli anayo hatia, mtakuwa mmemziba kinywa yule yule awezaye kumtaja tajiri wake, na tajiri huyo atawashukuru kimoyomoyo. Na kama hana hatia, je? Oktoba 2016, huko Iringa Mvumi katika wilaya ya Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha Selian cha Arusha, waliokwenda kuchukua sampuli za udongo, waliuawa pamoja na dereva wao kwa kudhaniwa wanyonya damu. Hofu ya watu wale ilikuwa ya kweli kabisa. Walichokihofu ndicho hakikuwapo.

Juzi hapa stendi alishuka mzee mmoja kwenye basi la Songea, amemshika mkono mtoto anayelia kwa nguvu, na kabla hajavifikia vibanda vya chipsi watu walikwisha kumzunguka, mmoja wao ameokota jiwe. Mama muuza viazi akainuka juu ya gunia lake, akamwuliza mtoto, si mzee, "Nani huyu?" Mtoto akajibu, "Babu. Kaninyima soda." Mwenye jiwe akaliachia taratibu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mama yule ana wajukuu, na hofu anayo kama wenzake. Ila aliuliza kwanza.

Basi nakuusia, kama mnalo neno juu ya mganga yule, yaani nani alimwona, siku gani, na gari la namna gani lilisimama kwake, liandikeni karatasini, mfuatane na mwenyekiti wa mtaa mpaka polisi. Na lolote linaloanza na "inasemekana" liacheni nje. Sheria ya tiba asili ya mwaka 2002 inamtaka mganga awe amesajiliwa. Hilo nalo mnaweza kulidai mchana kweupe, bila panga. Wakiwapuuza, rudini kesho yake mkiwa wengi zaidi, na kina mama wawe mbele, maana nimeona maofisa wengi wakimfukuza kijana, ila wachache wanaothubutu kumfukuza mama aliyefiwa.

Jumamosi, inshallah, nitapanda basi la asubuhi. Mpaka nifike usitoke usiku, na wenzako waambie kwamba mjomba wako ana maneno nao, wasifanye lolote kabla. Mama yako naye mwambie aniwekee blanketi la pili. Baridi yenu mimi mtu wa pwani sijaizoea hata leo.

Ni mimi mjomba wako.