Hatua za Asubuhi



Ndugu zangu wazazi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho na wengi wetu tumekisahau, nacho ni miguu. Msicheke. Mimi pia nilicheka siku nilipoambiwa kwamba sehemu ya dawa yangu iko miguuni.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2025, wiki chache baada ya Idi. Kichwa kilikuwa kinaniuma siku nyingi, nikaenda kituo cha afya kupimwa. Presha ikasoma 160 kwa 100. Nikarudi mara mbili zaidi wiki ile, mambo yakawa yaleyale. Nikaandikiwa vidonge, nikaonywa juu ya chumvi, kisha muuguzi akaniambia, "Na utembee, mama. Nusu saa kwa siku, siku tano za wiki." Baadaye nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo hesabu ya Shirika la Afya Duniani: mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kila wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 kila siku.

Nilimjibu, "Dada yangu, hiyo nusu saa nitaitoa wapi?" Nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani huonekana siku mbili tatu kwa wiki. Mimi nauza vitenge sokoni. Naamka kabla ya Alfajiri, nalala wa mwisho. Muuguzi akatabasamu tu, akaita mgonjwa mwingine.

NILIANZA VIBAYA

Kwanza nilifanya kama wafanyavyo wengi. Nilinunua raba, nikasema nitakuwa naswali Alfajiri kisha nateremka ziwani kutembea peke yangu. Wanaoijua Gisenyi wanajua uzuri wa pale asubuhi: miti mikubwa kando ya barabara, maji ya Kivu yametulia, wavuvi wanarudi. Watu hutoka Kigali kuja kutembea pale, na sisi tunaoishi hapa tunapita kwa pikipiki bila kugeuza shingo.

Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili nilirudi nikakuta uji umeungua na kitindamimba analia. Siku ya tatu ilinyesha, na mvua za Aprili na Mei za huku kwetu hazina mzaha. Siku ya nne sikutoka. Raba zikaingia chini ya kitanda, na mimi nikabaki na vidonge na lawama juu ya nafsi yangu.

Lawama hizo zilinikaa mpaka nilipokaa chini kupiga hesabu, kwa kuwa mfanyabiashara hukimbilia hesabu akikwama. Niliandika safari zetu za kila asubuhi. Kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka 12, alikuwa anatoka mapema peke yake kwa miguu. Wadogo wawili, binti wa miaka 8 na kaka yake wa miaka 5, walipelekwa shule na motari tunayemwamini, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu hapa Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja tu. Mimi nilichukua nyingine kwenda sokoni. Safari tatu za faranga 500 ni faranga 1,500 kila asubuhi, 7,500 kwa wiki. Watu wanne wa nyumba moja tulikuwa tunaondoka vipande vipande, kila mtu na njia yake, na tunalipia.

Kutoka kwetu Mbugangari hadi shuleni ni kama kilomita mbili, na soko liko mbele kidogo tu. Muda nao ulikuwepo! Tangu Januari 2023 serikali iliposogeza saa, masomo huanza saa 2:30 asubuhi, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba wazazi wapate nafasi ya kuwaandaa watoto wao. Nafasi hiyo tulikuwa tumepewa, sisi tukaitumia kugombana juu ya soksi.

Basi Jumatatu iliyofuata nikawatangazia, "Kuanzia leo tunatembea wote." Binti alishangilia. Kitindamimba aliuliza kama atabebwa. Kifungua mimba hakusema neno.

BIBI ZETU HAWAKUNUNUA RABA

Katika siku zile za kwanza niliwatazama wanawake wanaoelekea bariyeri ndogo ya mpakani na Goma, kila mmoja na beseni lake kichwani: nyanya, kabichi, vitunguu. Kabla ya mwaka 2020, mpaka ule ulikuwa ukivukwa na makumi ya maelfu ya watu kwa siku, wengi wao kwa miguu. Hakuna hata mmoja anayekwambia anafanya mazoezi. Bibi yangu naye alikuwa akitoka mjini kwa miguu mpaka kwa shangazi yake Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji ya moto, zaidi ya kilomita tano kwenda na nyingine kurudi, na mtoto mgongoni. Alikuwa anakwenda kusalimia, mwili ukafaidika humohumo.

Nikaelewa kosa langu. Nilikuwa natafuta saa mpya katika siku iliyokwisha jaa, kumbe mwendo unapaswa kuingia ndani ya shughuli ambayo lazima uifanye. Mtoto lazima afike shule, na mama lazima afike sokoni. Hapo ndipo dakika zangu 30 zilipokuwa zimelala.

Na dini yetu, ukiitazama, imetufundisha hivyo. Jamaa wa Bani Salima walitaka kuhama ili wakae karibu na msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akawataka wabaki majumbani mwao, akawafahamisha kwamba nyayo zao zinaandikwa. Hawakuongezewa ibada nyingine. Njia ileile waliyokuwa wakiipita ndiyo iliyokuwa na thamani.

ALICHONIAMBIA MWANANGU

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana presha peke yake isingenitoa kwenye kazi zangu.

Mtakumbuka tarehe 27 Januari 2025. Mapigano yalikuwa Goma, na kutoka hapa kwetu Goma ni ng'ambo ya barabara. Siku ile risasi na makombora yaliangukia upande wetu, watu wakafariki na wengine wakajeruhiwa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Watoto wangu walikuwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimetoka kufuata unga. Niliporudi mbio niliwakuta wote watatu wazima, nikasujudu palepale mlangoni. Usiku ule tuliondoka kwenda kwa ndugu mbali na mpaka, baada ya siku chache tukarudi, na mimi nikahesabu kwamba yamekwisha.

Kwa kifungua mimba hayakuwa yamekwisha. Tangu siku zile alikuwa mkimya. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali mpaka unachoka, sasa akawa anakula kimya na kulala akigeukia ukutani. Alama zake zikashuka. Binti akimgusa tu, anafoka. Nilimwita mara ngapi, nikamkalisha mbele yangu, nikamwuliza, "Una nini, baba?" Jibu lilikuwa moja, "Sina kitu, mama."

Wiki ya tatu ya kutembea kwetu, asubuhi moja baada ya mvua, wadogo walikuwa wametangulia hatua kumi mbele wakiruka madimbwi. Sisi wawili tulikuwa nyuma. Hatukuwa tunatazamana, sote tulikuwa tunaangalia mbele. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile nilifunga mlango."

Sikuelewa. Nikakaza tu mwendo wangu uleule, Alhamdulillahi kwamba sikusimama. Akaendelea. Dada yake alikuwa bombani kuchota maji. Milio ilipoanza, yeye alimbeba mdogo wake, akakimbilia ndani, akafunga mlango kwa komeo, wakaingia chini ya kitanda. Dada yake alipobisha, hakufungua. Aliogopa. Jirani ndiye aliyemvuta binti yangu akamwingiza kwake, na milio ilipotulia kidogo akamrudisha. Binti hakunisimulia hata siku moja. Nadhani kwake ilikuwa siku ya kukaa kwa jirani. Lakini kaka yake alikuwa anabisha mlango ule ndani ya kichwa chake kila usiku, kwa miezi minne.

Ndugu zangu, nilikuwa na mawaidha mengi, lakini hakuna hata moja lililotoka mdomoni. Nilimwambia jambo moja tu la kweli. Nilimwambia kwamba siku ile, milio ilipoanza, mimi pia nilijibanza nyuma ya ukuta wa duka, na kwa muda fulani sikuwafikiria wao, nilijifikiria mimi. Kisha ndipo miguu ilipokumbuka njia ya nyumbani. Nilimwambia, "Hofu ilitushika sote. Ulimbeba mdogo wako. Mikono yako ilikuwa miwili tu."

Hakujibu. Tulifika barabara kubwa, pale penye pikipiki nyingi. Akaenda mbele, akamshika dada yake mkono kumvusha. Binti akashangaa, akanigeukia kama anayeuliza kuna nini leo. Mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Sitaki kuwadanganya kwamba aliamka kesho yake mtoto mwingine. Nilizungumza na mwalimu wake, na tulikwenda naye kituo cha afya akaonana na mtu wa kuzungumza naye, mara kadhaa. Mtoto ambaye hapati usingizi kwa wiki nyingi anahitaji wataalamu, matembezi hayatoshi. Lakini neno la kwanza lililofungua yote alilisema njiani. Uso kwa uso nyumbani nilikuwa kama askari anayehoji. Bega kwa bega njiani nilikuwa mama yake.

Nikamkumbuka mama yetu Bi Hajar, alivyokwenda na kurudi mara saba baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji. Mwendo ule wa mama mmoja na hofu yake ndio mahujaji wanaoufuata mpaka leo, karibu kilomita tatu kwa jumla. Na Luqman alipomuusia mwanawe, hata namna ya kutembea aliitaja: asiwe na majivuno, awe wa kadiri katika mwendo wake. Mzazi na mtoto na njia ni mambo ya zamani.

MAMBO MACHACHE TULIYOJIFUNZA

1. Anza na safari moja tu ambayo ni lazima. Sisi tulianza na asubuhi. Kurudi jioni wadogo wamechoka, siku nyingine wanapanda pikipiki, na si dhambi.

2. Ondokeni dakika kumi kabla ya unavyodhani inatosha. Mtoto wa miaka 5 husimama kwa kila jiwe jeusi la volkano na kila mbuzi.

3. Mahali pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembeeni upande wa kushoto ili muyaone magari yanayokuja, kwa kuwa huku kwetu magari hupita kulia. Mdogo awe upande wa ndani.

4. Makoti ya mvua ni bora kuliko mwavuli. Zile faranga za wiki mbili za pikipiki zilitosha kuyanunua.

5. Acha simu mfukoni. Na usimlazimishe mtoto kusema. Njia ikiwa ndefu kiasi, maneno huja yenyewe.

6. Madrasa ya Jumamosi na Jumapili ni nafasi nyingine. Na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, nendeni na kurudi pamoja kwa miguu.

7. Mwenye maradhi aulize kwanza kwa daktari, na asiache dawa zake kwa sababu tu anatembea.

Mimi mwenyewe vidonge bado nameza. Presha imeshuka, mara ya mwisho ilisoma 134 kwa 86, na muuguzi yule alitabasamu tena bila kusema kitu. Raba nilizinunua, ndiyo, na sasa zimechakaa kwa haki. Kifungua mimba wangu amerudi kuuliza maswali. Juzi aliniuliza kwa nini ziwa halina mawimbi makubwa kama bahari, swali likatuchukua kutoka nyumbani hadi mlango wa shule, na jibu sikuwa nalo. Tumekubaliana alitafute yeye, anieleze kesho njiani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape amani walio upande huu wa mpaka na walio upande ule, na azijaalie hatua zetu ziwe za kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi mama mwenzenu, Gisenyi.