Eka Tatu na Maji Mekundu

Binti wa Dole, kisiwani Unguja, alipoamua kusoma jiografia ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baba yake alikuwa amekwishatangaza kwa jamaa kwamba atasoma sheria. Shangazi yake aliuliza, tena bila ya kejeli, iwapo milima na mito yahitaji miaka mitatu ya ada. Binti hakuwa na jawabu la kumridhisha yeyote. Alichoweza kusema ni kwamba elimu hii haishughuliki mno na mlima wenyewe bali na mtu akaaye chini yake: kwa nini yupo pale, nani alimtangulia, na nani alimsogeza. Shangazi alitikisa kichwa. Kazi hiyo, alisema, huifanya wazee barazani, na hawalipwi.

Mwaka wa mwisho alipelekwa nyanjani, Arusha. Kwa mtu wa kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki mita 150, Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, ulikuwa jambo la kutazamwa kimya. Alikuwa ameusoma vitabuni. Alijua kwamba pepo za mvua zitokazo Bahari ya Hindi, ambazo nahodha yeyote wa pwani azifahamu, humwaga maji upande wa kusini na mashariki wa mlima, ndiko iliko migomba, kahawa na mifereji. Na kwamba ukizunguka kwenda kaskazini unakuta vumbi, miba na ng'ombe. Hayo ni maumbile, na maumbile hayana ugomvi na mtu.

Ugomvi umo katika mipaka. Wajerumani walipokwisha kujenga boma lao mjini Arusha mwaka 1900, jengo ambalo leo ni makumbusho, waligawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Juu ukawekwa msitu wa hifadhi. Wameru na Waarusha wakabaki katikati, msitu kichwani na mashamba ya wageni miguuni, huku watoto wakizaliwa na vihamba havizaliwi. Waingereza waliourithi utawala waliurithi na mshipi huo. Kisha, mwezi Novemba 1951, wakaukaza: Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, kaskazini mwa mlima, nyumba zao zikachomwa, ili ardhi ile wapewe wafugaji wachache wa Kizungu. Waliambiwa wahamie King'ori.

Jina la Kirilo Japhet lastahili kujulikana visiwani kuliko linavyojulikana. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 mtu huyu akasafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa yaliyowapata, kwani Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo. Alisikilizwa. Kura katika Baraza Kuu hazikutimia theluthi mbili zilizotakiwa, na ardhi haikurudi siku ile. Mwaka 1967 yeye na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, waliiandika kesi hiyo kitabuni. Kitabu hicho ndicho kilichomtia binti hamu ya kwenda kuusikia mkasa mahali pake.

Ngare Nanyuki ni maneno ya Kimaasai, maana yake maji mekundu. Huko alimkuta mzee ambaye mwaka 1951 alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Binti alimwamkia, akafungua hojaji yake yenye maswali ishirini, na baada ya swali la tatu akaifunga. Mzee hakuwa akisimulia kwa mpango wa maswali. Alisimulia kwa harufu ya paa linaloungua na kwa mbwa waliokataa kuondoka. Alizungumza pole pole, akitua mahali ambapo mshairi angetua. Binti aliandika mpaka mkono ukafa ganzi, moyo wake umejaa hasira iliyo safi, ile hasira tamu ya mtu ambaye hayahusiki na dhuluma anayoisikia.

Kisha mzee akamuuliza, kwa adabu ya mwenyeji kwa mgeni wake: "Na nyinyi huko visiwani, mjukuu wangu, ardhi yenu mliipataje?"

Alijibu upesi, kama alivyofunzwa tangu utoto: babu yake alipewa eka tatu na Serikali, katika ugawaji ulioanza baada ya Mapinduzi ya 1964. Alieleza kwamba babu alikuwa mchumaji wa karafuu asiye na chake, na hilo ni kweli.

"Alipewa," mzee alisema. "Na kabla yake?"

Binti alitazama daftari lake. Ukurasa ule ulikuwa na mchoro wa mshipi wa mashamba kuuzunguka mlima, kila shamba na jina la mwenyewe, wa kwanza na wa pili. Alisema hajui. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaagiza chai iletwe, wakaendelea na habari za ndama.

Usiku ule, katika nyumba ya wageni mjini, alimpigia simu bibi yake Dole. Waliulizana hali, wakazungumzia mvua na bei ya karafuu. Ndipo akauliza shamba lao, kabla ya babu, lilikuwa la nani.

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza iwapo huko Arusha kuna baridi, na iwapo amechukua shuka nzito.