Mkahawa, Redio na Igal Shidad

Mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, visa na habari vilisimuliwa katika mkahawa wa chai, na humo ndimo mwandishi wa kumbukumbu hii alimojulia mambo ya wakubwa miaka ya 1970, akitumwa chai na abti wake, yaani mjomba.

Maziwa ya ngamia yalichemshwa pamoja na majani, iliki, mdalasini na tangawizi mpaka povu likapanda ukingoni mwa sufuria. Mpishi aliinua mkono juu, akaimimina chai kutoka kikombe hiki hadi kile ili ipoe. Harufu ya moshi uliofukiziwa chombo cha maziwa kule malishoni ilibaki ndani ya chai.

Jioni ilikuwa ya redio. Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza 1957, ilipoingia hewani hakuna aliyethubutu hata kukoroga sukari. Taarifa ikiisha, ubishi ukaanza. Wazee walipima kila neno, na madereva wa malori waliotoka Wajir na Mandera wakaeleza waliyoyaona kwa macho yao. Karibu 1980 zikaja kaseti: mashairi ya Deelley, washairi wa Somalia wakijibizana juu ya utawala na ukabila, yakirekodiwa na kunakiliwa mkono kwa mkono.

Siasa ikichosha, ilikuwa zamu ya Igal Shidad, mwoga mashuhuri wa hadithi za Kisomali. Usiku mmoja aliona kitu cheusi njiani, akadhani ni simba, akasimama kukibembeleza hadi kulipokucha. Kumbe ni kisiki! Kila msimuliaji alikuwa na sauti yake ya hofu, na watu walicheka kama hawajawahi kukisikia kisa hicho.

Lakini vicheko hivyo vilikuwa chini ya hali ya hatari, iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa 1963 na kuondolewa 1991 tu. Novemba 1980, vikosi vya usalama vilipouteketeza mtaa wa Bulla Kartasi mjini humo, kukusanyika penyewe kukawa hatari. Watu walikunywa haraka, wakaondoka. Hofu ya namna hiyo ilirudi Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa: kafiyu ilianza saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati hasa ambapo mikahawa hujaa.

Redio ile ya pamoja imeondoka. Sasa kila mtu ana habari zake kwenye simu, na wawili wa meza moja huweza kubishana kutokana na video mbili tofauti. Mwandishi anaona hasara hapo: zamani walitofautiana juu ya jambo ambalo wote walikuwa wamelisikia. Hata hivyo, Jumatano ya mnada wa mifugo, wachuuzi wa ng'ombe na ngamia bado hukaa mkahawani kuulizana bei na mvua imenyesha wapi, na kuhusu mvua humwamini zaidi aliyetoka huko asubuhi ile.