Chicago: Pata Potea Isiyoiba

Tembea uone, walisema wahenga. Nami nilitembea hadi Chicago, jiji kubwa lililo kando ya Ziwa Michigan nchini Marekani, na huko nikakutana ana kwa ana na kitu nilichokuwa nimekikwepa kwa zaidi ya miaka thelathini: vikombe vitatu vilivyofudikizwa mezani, na mtu anayekuuliza kipira kiko wapi.

Msomaji, wengi wetu tunalijua jiji hili kwa ajili ya riadha. Ni katika barabara zake ambapo marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni kwa saa 2 na sekunde 35 mnamo Oktoba 8, 2023, akaivunja rekodi ya dunia. Lakini Chicago ina sifa nyingine ambayo haisemwi sana huku kwetu. Kwa miaka mingi limekuwa jiji la kiinimacho cha mezani, yaani kile kinachofanywa si jukwaani mbali na watu, bali papo hapo penye sahani na glasi yako, karibu kiasi cha kuweza kumshika mwenyewe mkono.

Safari yangu haikuwa ya matembezi. Dada yangu ana mwana anayesoma chuo kikuu huko, na kwa miezi kadhaa kijana alikuwa akipiga simu nyumbani kuomba pesa kabla mwezi haujafika kati. Rafiki yake mmoja alikuwa amemdokezea dada kwamba kijana anacheza kamari kwenye simu, akibashiri matokeo ya mechi. "Wewe ndiwe mjomba wake," dada aliniambia siku ya kunisindikiza. "Nenda ukazungumze naye. Mimi nikigusia tu jambo hilo, anakata simu."

Nilikaa naye siku tatu bila kupata pa kuanzia. Kila tulipoketi kula, simu yake ilikuwa kando ya sahani, ikilia kila baada ya dakika chache, naye akiichungulia. Siku ya nne akasema, "Mjomba, leo tusipike. Nataka nikupeleke mahali ukacheke kidogo."

Tulipanda treni ambayo wenyeji huiita "L", kwa kuwa sehemu kubwa ya reli yake imejengwa juu ya nguzo. Unapita usawa wa madirisha ya ghorofani, ukiwaona watu jikoni mwao wakipika. Tulishuka kituo cha Argyle, mtaa wenye mikahawa mingi ya Wavietinamu, tukatembea kuelekea barabara ya Clark huku upepo wa ziwani ukitupiga masikioni. Ilikuwa Novemba, na koti langu la mtumba kutoka Gikomba nadhani lilijua limerudi kwao.

Mpwa wangu alisimama mbele ya duka la kufulia nguo. Nilipoziona mashine nilidhani amekuja kuchukua nguo zake. Alicheka, akasukuma mlango ambao mimi sikuuona, na mara tukajikuta ndani ya ukumbi wenye taa hafifu, meza ndogo ndogo na watu waliovalia vizuri. Mahali hapo huitwa Chicago Magic Lounge. Jengo lenyewe zamani lilikuwa la udobi, na wenyewe walipohamia hapo mwaka 2018 waliupa mlango wa mbele sura ya duka la kufulia, ili mgeni adanganywe hata kabla hajaketi.

Desturi hii si ya juzi. Katika barabara ya Irving Park palikuwa na mkahawa wa Schulien's, wa familia yenye asili ya Kijerumani. Matt Schulien, bwana mnene mwenye kicheko kikubwa, alikuwa akipita meza kwa meza na karata zake. Alimwomba mteja achague karata na kuirudisha katikati ya nyingine, kisha alizirusha zote ukutani. Zilianguka chini zote isipokuwa moja, ile ile ya mteja, iliyobaki imeshikwa ukutani kwa pini. Baada yake mwanawe Charlie aliendeleza kazi hiyo. Mkahawa ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, lakini jiji lilikuwa limekwisha kuzoea kula huku likistaajabu.

Tulikuwa tumeagiza chakula, hakijaletwa, alipokuja bwana mmoja wa makamo aliyevaa kizibao cheusi. Alisimama hatua moja kutoka mezani akauliza kama tungependa kuona jambo. Hakugusa kitu chochote mpaka mpwa wangu alipoitikia. Ndipo aliposogeza glasi zetu kando, akatandika kitambaa, na kutoa vikombe vitatu vya shaba vilivyokuwa vimepachikana. Alivipanga kwa mstari, midomo chini, na juu ya kila kimoja akaweka kipira chekundu cha kufumwa kwa uzi, chenye ukubwa wa gololi.

Mikono yangu ilitoka jasho. Nilirudisha kiti nyuma.

Alikichukua kipira kwa mkono wa kulia, akakitia wa kushoto, akaufungua wa kushoto: mtupu. Akainua kikombe cha kati: kipira kile kimo. Aliweka kipira chini ya kila kikombe; alipoviinua tena, vipira vyote vitatu vilikuwa vimerundikana chini ya kimoja. Nilikaza macho kama mlinzi wa usiku, na kila mara nilikosea.

Mpwa wangu alishindwa kujizuia. Alichomoa noti ya dola 20 akaibandika mezani. "Kimo katikati, nina hakika," alisema.

Yule bwana aliacha kucheka. Aliishika noti kwa vidole viwili akamrudishia, akasema polepole ili tumwelewe. Yeye hulipwa na wenye ukumbi, na mteja akipenda humpa bakshishi. Lakini vikombe hivi vikichezewa pesa, mshindi huwa mmoja tu, naye ni mwenye vikombe. "Nakudanganya, na nimekwisha kukwambia kwamba nakudanganya," alisema. "Siku utakayomwona mtu wa vikombe akiipokea pesa yako, ondoka." Kisha akainua kikombe cha kati. Kilikuwa kitupu.

Tulipokuwa bado tunabishana vipira vimekwenda wapi, alivigeuza vikombe kimoja kimoja. Chini ya cha kwanza palikuwa na limau zima. Chini ya cha pili, limau. Chini ya cha tatu palikuwa na kitunguu kilichokijaza kikombe hata kikakwama kidogo kabla ya kudondoka. Watu wa meza jirani walipiga makofi, nami nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani.

Baada ya onyesho tulimkuta akipumzika kando ya kaunta, tukamwuliza habari za kazi yake. Alisema wakati mzuri wa kuikaribia meza ni huo tuliokuwa nao, baada ya chakula kuagizwa na kabla hakijaletwa. Wakati huo wageni wamemaliza ya kusema na jiko bado halijamaliza kupika. Mtu akiwa na tonge mdomoni haendewi. Mhudumu akija na sahani, mchezo hukatizwa, kwani chakula moto hakimngoji mtu. Meza ya watu wanaonuniana hupitwa mbali.

Vikombe na vipira ndiyo kazi ngumu kuliko zote mkahawani, alisema. Vinahitaji nafasi, na mezani kuna chupa, uma na vijiko. Watazamaji wameketi pande zote, wengine karibu na kiwiko chake. Tena akimaliza meza moja hawezi kwenda ya pili papo hapo, kwa sababu malimau yamekwisha kuonekana. Lazima apate pembe ya kutayarisha vitu vyake upya. Hata hivyo haviachi, kwa kuwa mtoto na mzee, mwenye lugha na asiye na lugha, wote huelewa kikombe na kipira.

Je, jicho hudanganywaje? Hakutupa siri, lakini alitupa kanuni. Jicho hufuata kinachosogea. Hufuata pia mahali ambapo mtu mwingine anatazama. Akikuuliza swali, unamtazama usoni; akikuchekesha, unalegea. Tena anayejiona mwerevu ndiye rahisi kuliko wote, kwa sababu amekwisha kuamua atazame wapi.

Mchezo wenyewe ni wa kale mno. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, aliutaja katika barua zake, akasema kwamba ni udanganyifu usiodhuru na kwamba utamu wake ni huko kudanganywa. Siku za meli, abiria waliotoka Ulaya kuja Mombasa kupitia Mfereji wa Suez waliuona Port Said, ambako Wamisri walioitwa "gali-gali" walipanda melini na vikombe vyao na kutoa vifaranga hai walimokuwa wametia vipira.

Halafu yule bwana alitoa simu akatuonyesha picha moja ya kuchorwa, ya zaidi ya miaka 500 iliyopita, inayohusishwa na mchoraji Hieronymus Bosch. Iko katika jumba la makumbusho la Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris. Mtu wa vikombe amesimama nyuma ya meza ameshika kipira. Mbele yake mtazamaji mmoja ameinama, macho yamemtoka. Nyuma ya huyo aliyeinama, mtu mwingine anatazama juu kana kwamba hana habari, huku mkono wake unamnyakulia mwenzake mfuko wa pesa. Mpwa wangu aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

Nikapata pa kuanzia.

Ndani ya treni nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwaka 1988 nilikuwa kidato cha tatu. Mama aliuza mtamba nikapewa karo, nikapitia Nairobi kubadili basi. Karibu na kituo palikuwa na watu wamezunguka katoni, na juu yake vizibo vitatu na punje moja ya haragwe. Pata potea! Kijana aliyekuwa mbele yangu alishinda mara mbili huku nikimwona. Punje niliiona kwa macho yangu ikiingia chini ya kizibo cha kulia. Niliweka shilingi mia, zikaenda. Nikaweka mia mbili ili nizirudishe zile mia. Nilipofikia noti za mwisho mtu alipiga kelele, "Polisi!" Mwenye katoni alitimua mbio, na wale waliokuwa wakishinda walimfuata njia ile ile. Hapo ndipo nilipojua kwamba wote walikuwa kitu kimoja, na kwamba mgeni pale nilikuwa mimi peke yangu.

"Nilirudi nyumbani nikasema nimechaniwa mfuko na wezi," nilimwambia. "Mfuko niliuchana mwenyewe, kwa wembe. Pesa zilizokuwa zimewekwa za karo ya mama yako nikapewa mimi. Muhula ule wote yeye alikaa nyumbani."

Kijana hakusema neno. Simu yake ililia mara mbili mfukoni, asiitoe. Tulipokaribia kushuka aliniuliza, "Mama anajua?" Nikamwambia la.

Asubuhi yake alinionyesha hesabu za kamari yake, mwezi baada ya mwezi. Sitataja kiasi. Alikuwa ameshinda mara chache za mwanzo, kama yule kijana wa kwenye katoni, na tangu hapo alikuwa akizirudisha zilizopotea. Tulimpigia mama yake pamoja, kila mmoja akaungama lake. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kijana amekula. Kwamba ameacha kabisa, siwezi kuapa. Hilo litajulikana kwa siku, si kwa maneno. Lakini sasa hakati simu.

Niliporudi Kenya nilikwenda kijijini moja kwa moja. Mama amepita miaka themanini, macho bado yanaona. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, nami nikaketi chini nikamweleza yote: katoni, vizibo na wembe. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua uso.

"Ule mfuko niliushona mimi," alisema. "Wembe ulipita kutoka ndani. Mwizi hukata kutoka nje."

Nilimwuliza mbona hakusema miaka yote hiyo.

"Nilikuwa nakungoja," akasema, kisha akanisogezea ungo nimsaidie.