Vyote, Yaani Vyote

Nafundisha hisabati sekondari karibu na Tiira, wilayani Busia upande wa Uganda, ambako familia nyingi zinaishi kwa kuchimba dhahabu. Somo la seti huanza kwa kuweka mpaka. Swali likisema "wachimbaji wote", tunauliza kwanza: wa shimo hili tu, au pamoja na wa ng'ambo, Kenya? Jibu hubadilika. Kisha mwanafunzi makini huuliza: "Mwalimu, na mpaka ukiondolewa kabisa? Tukisema vyote, yaani vyote?"

Hakuna swali ninalolipenda zaidi. Chukua wachimbaji 3. Vikundi unavyoweza kuunda kutokana nao ni 8, ukihesabu na kile kisicho na mtu. Wakiwa 4, vikundi ni 16. Mwaka 1891 mwanahisabati Georg Cantor alitoa uthibitisho kwamba vikundi huzidi vitu daima, hata vitu visivyo na mwisho. Basi seti yenye kila kitu ingelazimika kubeba na vikundi vyake vyote, navyo ni vingi kuliko vitu vilivyomo! Haiwezekani. Mwanafalsafa Bertrand Russell aliifuata hoja hiyo mpaka akakutana na ukinzani, akamwandikia mwanamantiki Gottlob Frege mwezi Juni 1902, wakati juzuu ya pili ya kazi kuu ya Frege ikiwa mitamboni.

Wapo waliohitimisha kutokana na hayo, mwanafalsafa Michael Dummett akiwa mmoja wao, kwamba "vyote" daima ina mpaka: ukishakusanya, kingine kinajitokeza nje. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Cantor anaonyesha kwamba hakuna gunia, yaani seti, la kutosha kila kitu. Haonyeshi kwamba bila gunia hatuwezi kusema. Nikisema kila kitu ni sawa na nafsi yake, sibakishi chochote. Anayebisha, na anitajie kilichobaki nje. Akishakitaja, kauli yangu inakihusu nacho. Na akisema hakuna kauli inayofikia kila kitu, hicho "kila kitu" anachokisema yeye ni kipi? Mwanafalsafa Timothy Williamson alitetea msimamo wa namna hii mwaka 2003, nami naona bado haujajibiwa vya kutosha.

Walimu wenzangu wa Busia na Tororo, mwanafunzi akiwauliza hivi, msimwambie kwamba swali hilo halimo kwenye mtihani. Mpeni chaki, aanze na vitu 3, ahesabu vikundi mwenyewe.