Mita Sitini za Mto Themi

Katika jumuiya ninayosali, hapa Themi, tumekubaliana kwamba kila Jumamosi, baada ya Neno na kabla ya sadaka, mmoja wetu aeleze jambo analolifanya nyumbani ili kutunza mazingira. Mama lishe mmoja alituonyesha namna anavyoloweka maharage usiku kucha, akayachemsha kwa muda, kisha akaitia sufuria katika kapu lenye majani makavu ya mgomba na kulifunika kwa blanketi. Maharage yanamalizika kuiva yenyewe naye yuko sokoni. Kwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo, hilo lina uzito kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Majirani zetu wa Kilimanjaro walitutangulia. Askofu Fredrick Shoo wa KKKT, Dayosisi ya Kaskazini, anafahamika kama askofu wa miti, maana vijana wa kipaimara katika dayosisi yake walitakiwa kupanda miti. Ninachokipenda katika utaratibu huo ni kwamba mti unahesabika, mahubiri hayahesabiki. (Papa Fransisko alitoa waraka wa Laudato Si' mwaka 2015. Nina shaka kama nusu ya wanaoutaja wameusoma.)

Kisha zamu ikamfikia dada anayelima mchicha na figiri kando ya mto. Akasema hatumii maji ya bomba, hivyo naye anatunza. Kijana mmoja wa chuo akamkumbusha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Dada yule hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi: "Mwalimu, mchicha wangu si unaula?"

Ninaula. Tunaula karibu wote.

Kijana ameisoma sheria vizuri, lakini sheria hiyo ina tabia ya kukumbukwa kwanza penye matuta ya mboga, na kuchelewa sana kukumbukwa penye ukuta wa zege wa mtu mwenye jina. Aidha, Themi hauchafuliwi na mchicha. Unashuka kutoka mitelemko ya Meru, unapita katikati ya jiji ukipokea taka na maji machafu yetu, ndipo unamfikia dada huyu na ndoo yake. Kumwondoa bila kumpa pengine pa kulima ni kumtoza yeye peke yake gharama ya uchafu wa mji mzima.

Mifuko ya plastiki tuliiacha Juni 1, 2019, kwa amri, na haikutugharimu kitu kikubwa. Hili la sasa linagharimu. Nyuma ya kanisa letu kipo kiwanja kisichotumika, na paa la kanisa ni pana. Mvua za masika zinaanguka juu yake na kuishia mtaroni. Mifereji ya bati na matangi mawili yangetosha kuanzia bustani, naye angelima mbali na mto, kwa maji safi kuliko yale anayoyachota leo.

Barua tumeiandika, na kijana yule wa chuo ndiye aliyeichapa. Halmashauri ya parokia inakutana mwezi ujao. Baadhi ya wajumbe wanataka pale pawe maegesho ya magari.