Saikolojia Si ya Vichaa, Mzee Wangu!

Hivi jamani, ukisikia mtu anasomea saikolojia unafikiria nini? Wengi mtaani watakwambia huyo ni daktari wa vichaa, au ati anasoma mawazo ya watu kwenye daladala. Wapi!

Nasema hivi kwa sababu nyumbani kwetu Kibondo kuna kesi. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha sita Kasulu, anataka saikolojia. Mzee kaja juu: "Niuze maharage yangu ukakae na vichaa? Soma uhasibu!"

Shikamoo Mzee, lakini hapo tuelewane. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia dawa yake ni maneno: anasikiliza, anauliza, anamsaidia mtu kujipanga upya. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo shahada ya elimu katika saikolojia. Ukitoka hapo unaweza kufundisha, kuwa mshauri nasaha shuleni, au kushughulika na wafanyakazi maofisini. Anayetaka kuhudumia wagonjwa hospitalini anaongeza shahada ya uzamili, na Muhimbili wanaifundisha.

Kazi iko wapi? Anzia kwetu. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 wakaja Warundi, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena. Madaktari Wasio na Mipaka hawakuingia Nduta na sindano tu, walikuwa pia na washauri wa kuwasikiliza watu waliokosa usingizi kwa waliyoyaona.

Sasa tega sikio. Kiha na Kirundi ni ndugu wa toka nitoke. Binti wa Kiha akikaa na mama wa Kirundi hahitaji mkalimani, na siri nzito haipendi mtu wa tatu. Mzungu mwenye digrii saba hilo hana.

Sidanganyi, kambi si za milele. Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwaka 2021, na mfadhili akiondoka mkataba nao unakwenda. Lakini kambi ikifungwa, huzuni haipandi lori. Shule zipo, hospitali zipo, wajane wapo, vijana waliokata tamaa tunao hapa hapa.

Mzee, wa kuhesabu pesa wapo tele. Wa kusikiliza ndio tunawatafuta. Uza maharage, mtoto aende.